Nta Ndani ya Kitako cha Bunduki

Kaka yangu alikuwa mpiga bunduki ya mashine katika kambi ya askari hapa Goma, na bega lake la kulia lilikuwa likimuuma. Nayaandika mambo haya mawili pamoja, mwanzoni kabisa, kwa sababu ndivyo sisi sote tulivyoyaona: mke wake, mama yetu, muuguzi wa kambi, mimi, hata yeye mwenyewe. Bunduki inapiga, bega linauma. Nani angeuliza zaidi?

Kambini maumivu hayo yalikuwa na jina lake, bega la efu-emu. Efu-emu ndiyo bunduki yenyewe, askari walivyoiita kwa herufi zake mbili za Kifaransa: ile nyepesi yenye miguu miwili mbele, ambayo mtu mmoja anaibeba, anajilaza kifudifudi, anakaza kitako chake begani na kuachia risasi mfululizo. Kila risasi inapotoka, bunduki inarudi nyuma na kumpiga teke anayeishika. Teke moja si kitu. Lakini yakifuatana kama mvua juu ya bati, na mvua hiyo ikinyesha miaka, mpigaji utamjua hata akiwa amevaa shati la Jumapili: bega moja liko chini ya jingine. Muuguzi alikuwa na kopo la mafuta ya kafuri kwa ajili ya wapigaji hao. Alimpaka kaka huku akimcheka.

"Bibi yako ya chuma amekupiga tena, kaporali?"

"Ananipenda sana," kaka alijibu. "Ni hivyo tu."

Mimi nilikuwa fundi wa tupa katika karakana ya silaha ya kambi hiyo. Sikuwa askari. Nilisoma kwa mapadri miaka michache, nikatoka baba alipofariki, na yaliyobaki nilijifundisha kwa kufungua vitu: kwanza baiskeli, halafu cherehani ya mke wa mwenye duka, halafu malori ya kahawa yaliyoshuka kutoka Rutshuru yakiwa yamevunjika migongo kwa barabara ya mawe. Kaka ndiye aliyenitafutia kazi. Alinisimamisha mbele ya ajida wa Kibelgiji aliyekuwa mkuu wa karakana, akasema kwamba mdogo wake anaweza kufungua kitu chochote. Ajida akauliza kama ninaweza pia kukifunga.

Nitasema ukweli juu yangu, maana bila huo habari hii haieleweki. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikichonga pini naipima, naipima tena, naiweka kabatini, na nikifika nyumbani naamini kwamba nimeipima vibaya. Nimewahi kuacha chakula mezani nikarudi karakanani kugusa kwa ukucha ukingo wa kipande ambacho kila mtu alikwisha kukisifu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia: sasa inatosha. Na tangu utotoni nimeamini jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia, kwamba kila penye maumivu pana kipande fulani kilichokaa vibaya, na kwamba nikitafuta kwa bidii nitakipata.

Jumapili moja, baada ya misa, nilikwenda kula kwa kaka. Nyumba za kambi zilikuwa za matofali, mlango kwa mlango, na mbele ya kila mlango mke wa askari alikuwa amefagia mchanga mweusi mpaka ukaonekana kama nguo iliyopigwa pasi. Binti yao mdogo alizoea kubebwa na baba yake juu ya bega la kulia na kuzungushwa uwanjani, akisalimia watu kutoka juu kama askofu. Siku hiyo kaka alimwinua kwa mkono wa kushoto akamweka kushoto.

"Si huku," mtoto akasema. "Upande yangu ni ule."

"Ule leo umefungwa. Hata duka inafungwaka Jumapili."

Mtoto hakucheka. Shemeji yangu, aliyekuwa akisonga ugali mlangoni mwa jiko, naye hakucheka. Nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye ukuta wa mawe mwishoni mwa mstari wa nyumba, akatazama nyuma, akasema kwa sauti ya chini.

"Shemegi, weye unashinda na zile bunduki. Haiko namna ya kupunguza hii teke? Kidogo tu?"

"Kwa nini unauliza leo?"

"Komanda alisema mvua ikiisha watapima wapiga-bunduki wote. Mwenye risasi zake zinatawanyika, hawatamuandika tena. Na yeye, risasi zake sasa zinatembea kama mbuzi, kila moja na njia yake." Akakunja ncha ya kitenge chake kidoleni. "Wakimutoa jeshini, nyumba ni ya jeshi. Mimi na batoto tutaenda wapi? Kwa mama, Munigi, kulala juu ya mawe?"

Mama yetu alikuwa na chumba kimoja huko Munigi na shamba la maharagwe lililoota katikati ya miamba kama nywele kichwani mwa mzee. Alikuwa akiishi kwa kile kaka alichompelekea. Wote waliegemea bega lile lile.

"Nitaangalia," nikamwambia.

Nilitembea na neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Asubuhi yake nilimwomba ajida ruhusa ya kufungua kitako cha bunduki ya kaka. Sikumficha sababu. Alivuta sigara, akatazama dari, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Fungua. Utaona uchafu."

Niliuona. Ndani ya kitako cha bunduki ile mna bomba, na ndani ya bomba mna vikombe vidogo vya chuma vilivyopasuliwa ubavuni, kimoja kimeingia ndani ya mwenzake. Kazi yake ni hii: risasi inapotoka, chuma kikubwa cha ndani kinarudi nyuma kwa nguvu, na kisipopokelewa kitagonga mwisho wa safari yake, chuma kwa chuma, na pigo hilo ndilo linaloingia begani. Vikombe vipo ili kukipokea. Vinabanwa, vinatanuka, vinasugua ukuta wa bomba, na kule kusugua kunakula nguvu kidogo kidogo. Haiishi yote, bega litasukumwa tu. Lakini kusukumwa si kupigwa. Mtu mzito akikuegemea utamvumilia, mtu yule yule akikurukia atakuvunja mbavu.

Vikombe vya kaka vilikuwa vimezama katika grisi nyeusi, na nilijua kwa nini. Serja wa ukaguzi alipita kila Jumamosi na kitambaa cheupe. Palipokuwa pakavu yeye aliona kutu, hata kama hapakuwa na kutu. "Hapa kavu!" na mtu analala selo. Basi askari walipaka grisi kila mahali, hata ndani ya kitako ambako kitambaa cha serja kisingefika, maana nani anataka kubahatisha? Na vumbi la Goma, lile vumbi jeusi la mawe ya mlima, likaingia katika grisi hiyo mpaka ikawa kama ile rojo ya kunolea visu. Kila bunduki ilipopigwa, vikombe viliteleza vilipotakiwa kusugua, na vumbi likavila kingo.

"Mimi nasema kila siku," ajida alisema nyuma yangu. "Hapana grisi ndani! Nasema, nasema. Serja hapana sikia. Yeye nataka tu kitu ing'ae."

Nilielewa upesi kwa sababu ya malori. Zile bapa ndefu za chuma zinazolaliana chini ya lori, ambazo madereva wanaziita resori, zikiwa kavu zinalia barabara nzima lakini lori linatulia. Zipake grisi: zitanyamaza, na lori litarukaruka mpaka magunia yamwagike. Kusuguana ndiko kunakotuliza. Nilifurahi siku hiyo, nakiri. Nilifurahi kama mtu aliyepewa jibu la maisha yote. Maumivu ya kaka yangu yalikuwa na mlango, na mimi nilikuwa nimeshika ufunguo.

Niliosha kila kitu kwa petroli. Vikombe vilivyoliwa nilivitupa, nikachukua vingine kutoka bunduki iliyokufa. Kila kimoja nilikisaga ndani ya mwenzake mpaka kikakaa, na dawa niliyosagia ilikuwa vumbi lile lile la mlima, nimelichekecha kwa kipande cha kitambaa cha kichwa cha shemeji mpaka likawa laini kama unga wa mtoto. Adui nilimfanya kibarua.

Lakini ningejuaje kama imepona? Kaka hakuwa mtu wa kuulizwa. Ukimuuliza kama anaumwa atakupa kichekesho. Nilihitaji shahidi asiyecheka. Nikafikiri: nikiweka kibonge cha nta mwisho kabisa wa bomba, nyuma ya vikombe, basi bunduki ikipigwa na vikombe vikashindwa kazi, chuma kitafika mwisho na nta itabondeka. Vikombe vikifanya kazi, nta itatoka nzima. Mshumaa wa dukani haukufaa, ulivunjika vipandevipande. Nilitaka nta ya nyuki. Nikamuuliza shemeji.

Aliingia chumbani, akatoka na mshumaa mfupi wa manjano uliofungwa kwa kitambaa. Ulikuwa ule uliobarikiwa kanisani, ambao kila nyumba ya Wakatoliki kwetu inauweka kwa ajili ya siku ambayo mtu wa nyumba anakata roho. Hauwashwi kwa jambo jingine, isipokuwa radi ikizidi.

"Huu hapana, shemeji. Huu una kazi yake."

"Kazi yake ni kumusaidia mutu," akasema. "Basi umusaidie angali muzima."

Nikauchukua.

Siku za shabaha tulikwenda kwenye uwanda wa mawe nje ya kambi, ambako risasi zikikosa ubao zinalia juu ya miamba. Ajida aliniruhusu kukaa karibu na kaka, na kila alipomaliza kupiga nilifungua kitako palepale juu ya turubai. Askari wengine walizoea kutuzunguka.

"Kaporali, bunduki yako iko mgonjwa? Kila saa inapasuliwa!"

"Haiko mgonjwa. Inabatizwa. Mudogo wangu ndiye padri."

"Basi akuungamishe na weye, dhambi zako ni mingi kuliko risasi!"

Kibonge cha kwanza kilitoka kimebondeka kama sarafu. Nikaongeza kikombe kimoja, nikasaga tena. Wiki iliyofuata kilitoka kimeumia upande mmoja tu, kama tunda lililoanguka kutoka mti mfupi. Nikapunguza unywele mmoja hapa, unywele mmoja pale. Vibonge vyote niliviweka katika kopo la tumbaku, na kopo mfukoni, kwa sababu siwezi kutupa kitu nilichopimia. Halafu ikaja asubuhi ambayo hata kabla sijafungua nilijua. Sauti ya bunduki ilikuwa imebadilika. Ule mgongano wa chuma nyuma ya kila mlio ulikuwa umetoweka. Ilisikika sasa kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Kibonge kilitoka mviringo, na alama za vidole vyangu bado ziko juu yake.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kwetu kaka mkubwa. "Angalia."

Alikiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alikuwa na jasho, na asubuhi ilikuwa ya ukungu. "Iko muzuri," akasema. "Haipige tena, mudogo. Inanisukuma tu, kama mutoto anaomba kubebwa."

"Na bega?"

"Bega iko pahali yake."

Mvua ilipokwisha alipimwa pamoja na wengine. Risasi zake zilikaa ubaoni karibu karibu, kiganja kimoja kingezifunika, na komanda akasema aandikwe tena. Siku ile shemeji alipika mchele, akanunua kasikisi, pombe yetu ya ndizi, na mama alishuka kutoka Munigi na kuku amemfunga miguu. Majirani walicheza mpaka mchanga ule uliofagiwa ukawa kama shamba lililolimwa. Mama alinishika mashavu mbele ya watu, akasema mikono hii iliyomsumbua nyumbani kwa kuvunja saa ya marehemu baba leo imelipa. Ningetakiwa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale.

Nilikuwa namtazama kaka. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Alimega kuku kwa kushoto. Mtu alipomkumbatia kwa shangwe upande wa kulia, alitabasamu na midomo yake ikawa na rangi ya jivu.

Na mimi nikafikiri nini? Nikafikiri: kazi yangu si nzuri. Pale ambapo mtu mwingine angefikiri juu ya bega, mimi nilifikiri juu ya vikombe. Jumatatu nilikifungua tena kitako. Nikasaga vilivyokwisha kusagwa. Nikatengeneza vibonge vikubwa zaidi na zaidi, mpaka cha mwisho kilikaa karibu kuvigusa vikombe vyenyewe, ili hata kama chuma kinapita kwa unene wa karatasi nikione. Vilitoka vizima. Siku ya shabaha iliyofuata, vizima. Mshumaa wa shemeji uliisha wote mikononi mwangu, na bado nilisema moyoni kwamba nta inanidanganya.

Ajida ndiye aliyenisimamisha. Alinikuta nimeinama juu ya meza, akachukua kibonge kutoka kiganja changu, akakizungusha kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii nini?"

"Nta, ajida."

"Nzima?"

"Nzima."

"Basi bunduki nzima. Wewe natafuta nini humu?" Akakirudisha mkononi mwangu, akanikunja vidole juu yake. Hakuwa mtu wa kugusa watu. "Tafuta ndani ya ndugu yako."

Mchana huo nilimwita kaka karakanani, nikafunga mlango, nikamwomba avue shati. Aliniuliza kama sasa nataka kumsaga yeye kwa vumbi. Lakini alivua. Nililigusa bega lake jinsi ninavyogusa kipande, kwa kidole, polepole, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kidole changu kimejifunza chuma, mbao na nyama. Juu ya mkono, chini kidogo ya kiungo, kilikuta kitu kigumu ambacho hakikusogea. Hakikuwa uvimbe wa kupigwa. Huo nimeuona kwa askari wengi, ni laini na unabadilika rangi. Hiki kilikuwa mfupa mahali ambapo hapatakiwi mfupa.

Kaka alinitazama usoni, akasoma yaliyoandikwa pale. Nje serja alikuwa akipigia watu kelele kwa Kilingala.

"Serja akiona hii," kaka akasema mwishowe, "atasema niipake grisi."

Walimpeleka Bukavu kwa meli ya ziwa, kwa sababu kule kulikuwa na mashine ya kupiga picha ya mifupa. Nilikwenda naye. Daktari alitusimamisha mbele ya picha hiyo, akaonyesha kwa kalamu mahali ambapo mfupa ulikuwa kama mkate ulioliwa na panya. Alisema ni ugonjwa unaoota ndani ya mfupa wenyewe, kwamba umekwisha kufika kifuani, na kwamba hata mkono ukikatwa, ugonjwa hautasimama. Kaka aliuliza swali moja tu: kama ni bunduki iliyouleta. Daktari akasema hapana. Ungekuja hata angekuwa mshona nguo.

Sasa naandika neno ambalo sijamwambia mtu. Daktari aliposema hapana, nilifarijika. Wasiwasi wa tangu siku ya kasikisi uliisha. Vikombe vyangu vilikuwa sawa. Nta haikunidanganya. Kazi yangu haikuwa na kosa. Kaka yangu alikuwa amesimama kando yangu ameshika shati lake, ameambiwa kwamba anakufa, na mimi kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu aliyefaulu. Halafu pumzi ikaisha, nikamwona. Alikuwa anajaribu kuvaa shati kwa mkono mmoja na alikuwa amekosea vifungo.

Nilimfungia vifungo vyake.

Jeshi halikumweka mtu asiyeweza kupiga bunduki. Nyumba ilibaki ya jeshi, kama shemeji alivyosema, na kabla mahindi hayajakomaa walikuwa wote Munigi, katika chumba kimoja cha mama. Bunduki alipewa kijana mmoja aliyetoka upande wa Beni. Mimi niliendelea na kazi. Ajida alinipa bunduki nyingine za kambi nizitengeneze kwa namna ile ile, nami nikazitengeneza, na kila jioni nilipanda Munigi kwa miguu na kukaa kwenye mkeka wa kaka.

Siku za shabaha ambazo sikuwa kazini, upepo ukitoka ziwani, milio ilitufikia mpaka kule. Kaka alikuwa amekonda, lakini masikio yalikuwa yale yale. Alinyanyua kidole. "Ile ni ya serja mukubwa, ile inakohoa." Halafu, mlio mwingine ulipofika, "Ile ni yetu."

Siku moja aliniuliza, "Yule kijana anasema nini juu yake?"

"Anasema haina teke. Anasema hajaona bunduki kama ile."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Binti yake alikuwa amekaa upande wa kushoto, upande ambao mwishowe aliukubali, akimpepea na jani la mgomba.

"Umwambie asipake grisi," kaka akasema.

Alikata roho mwezi huo, mchana, mvua ikinyesha na mlango umefungwa, kwa hiyo chumba kilikuwa na giza. Tangu asubuhi pumzi yake ilikuwa inakuja na kukaa mbali, inakuja na kukaa mbali. Mama alianza rozari, akaacha katikati.

"Mshumaa," akamwambia shemeji. "Lete ule wa kanisa."

Shemeji aligeuka. Alinitazama mimi. Mama akatutazama wote wawili, hakuelewa.

Nilitia mkono mfukoni. Kopo la tumbaku lilikuwamo, sijui kwa nini niliendelea kutembea nalo. Labda kwa sababu mimi ni vile nilivyo. Nililimimina juu ya mkeka. Chini vilikuwa vile vilivyobondeka, na juu vile vizima, vingi, vyote na alama za vidole vyangu. Nilikwenda jikoni nikaviyeyusha katika kopo la sardini juu ya makaa. Shemeji alichomoa uzi katika ncha ya kitenge chake, akausokota mara nne juu ya paja, akanipa. Mwanzi mfupi ulikuwa umechomekwa ukutani; nikaupasua, nikaufunga tena kwa ukambaa wa mgomba uwe kalibu ya mshumaa, nikashika uzi katikati na kumimina. Mikono yangu, ambayo imewahi kupunguza chuma kwa unywele, ilifanya haraka. Nta haikuningoja. Ilianza kuganda, na uzi ukasogea.

Tuliutoa mshumaa katika mwanzi, tukausimamisha juu ya jiwe karibu na kichwa cha kaka, upande wa kulia, na mama akauwasha. Uliwaka. Lakini utambi ulikuwa pembeni, kwa hiyo upande mmoja ulishuka upesi na nta ikatiririka upande huo peke yake, na mshumaa wote ukaanza kuinama.

"Umelala upande," binti yake akasema kwa sauti ndogo.

Shemeji alinitazama, maana ndivyo walivyozoea wote: kitu kikipinda, wananitazama. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Niliona kosa liko wapi na nilijua namna ya kulirekebisha, lakini kuunyoosha kungetaka niuzime kwanza, na pumzi ya kaka ilikuwa imekwenda mbali zaidi kuliko mara zote. Niliushusha mkono nikamshika yeye, upande wa kushoto, na mshumaa ukaendelea kuwaka hivyo hivyo, umeinama, mpaka ukaisha.